Shoka Lililobaki Nyumbani

Patiram Gharti alirudi kijijini Thalbang asubuhi moja ya mwezi wa Baisakh, baridi ya milimani ikianza kulegea, akitembea kwa visigino. Wanawake waliokuwa wakichota maji ndio waliomwona kwanza, wakaacha madumu yao yafurike, maana mchungaji hateremki mwezi huo. Mwezi huo ndio kwanza kondoo wamepanda. Tena alikuwa peke yake, na siku ya kuondoka walikuwa wawili.

Mwenzake ni Dhanlal, mume wa Maisari Budha. Maisari alikuwa juu ya paa akianika shayiri. Alimwona Patiram akija na ule mwendo wa bata, akatazama nyuma yake njia nzima hadi kwenye kona ya mlima, asione mtu. Akashuka ngazi asijue ameshukaje.

"Yu hai," Patiram alisema kabla hajaulizwa. "Nimemwacha yu hai, shemeji."

Kisha akaketi chini, akavua viatu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vyeusi kwa baridi. Akaeleza. Theluji iliporomoka alfajiri, siku ya tisa tangu wafike malishoni. Ilizoa kondoo themanini na kitu, ikamzoa na Dhanlal, ikambamiza kwenye majabali. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza nje. Patiram alimburura hadi kwenye kibanda chao cha mawe, akamfunga mguu kwa fito, akamwachia unga wa siku kumi na kuni za kadiri hiyo, akashuka. Siku tano alikuwa njiani.

"Alikutuma nini?" Maisari aliuliza.

"Aje Jasbir na wanaume wenye migongo. Akasema wewe usije."

"Wanaume gani?"

Patiram aliinamisha kichwa. Wanaume wenye migongo wa Thalbang walikuwa Ghuba wakipandisha majengo ya watu, na wengine India wakilinda milango ya watu. Jasbir, mdogo wake Dhanlal, alibaki kwa sababu mara mbili alirudishwa na daktari wa mawakala wa kazi za nje, ana doa kwenye pafu. Ukimtoa yeye, waliobaki ni wazee wa kikohozi na watoto wa shule.

Maisari alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa mfupi, shingo nene, na katikati ya utosi wake nywele zilikuwa zimenyonyoka kwa mshipi wa mizigo. Tangu msichana alikuwa akipanda milimani kila mwaka kuchimba uyoga wa dawa unaouzwa ghali na kuzamisha miguu kwenye theluji na wenzake. Alijua mambo machache, lakini uzito aliujua. Alijua kwamba kitu chepesi cha siku ya kwanza huwa jiwe siku ya tatu, na kwamba wanaobeba vingi ndio hao hao wanaolala njiani na kuvitupa kimoja kimoja.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Unga wa siku kumi. Siku tano zimekwisha. Kupanda ni siku tano ukienda mbiombio na mgongo mwepesi. Ukienda na mizigo ni saba.

"Naenda," alisema.

Mama mkwe wake, Bhunti, alikuwa mlangoni na wajukuu wawili wamemshika sketi. Hakubisha. Alisema tu, "Basi twende kwa mhunzi, kwa sababu mundu wenu umekufa makali, na panga la marehemu mume wangu halijanolewa tangu tumzike."

Karakana ya Lalbir ilikuwa mwisho wa kijiji, upande wa chini, walikowekwa wahunzi tangu zamani. Lalbir alikuwa na makengeza na mdomo usiotulia. Alipiga chuma, akaezeka nyumba za watu, akapeleka mizigo ya watu, lakini kwa kuwa tabaka lake lilihesabiwa najisi, ndani ya nyumba za watu haingii, na maji anamiminiwa kwa mbali. Walimkuta amekwisha sikia habari. Alikuwa amewasha moto.

Jasbir akaja na shoka begani.

"Hilo rudisha," Maisari alisema.

"Shoka?" Jasbir alicheka kwa hasira. "Shemeji, tunakwenda mlimani au tunakwenda harusini?"

"Kaka Lalbir, lipime."

Lalbir aliweka shoka upande mmoja wa mizani yake, upande wa pili akaanza kumimina unga wa Maisari. Kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne mizani ikatulia.

"Vibaba vinne," Maisari alisema. "Ni chakula cha watu wawili siku moja na nusu."

"Cha watu watatu siku moja," Lalbir alimsahihisha.

"Watatu wepi?"

"Ninyi wawili na huyu mwenye makengeza. Mtu mmoja akimbeba mgonjwa, wa pili anabeba vitu, wa tatu anapumua. Mkiwa wawili hakuna wa kupumua."

Hakuna aliyesema asante. Bhunti alitazama pembeni. Maisari akasema, "Basi siku moja ya watu watatu. Shoka halisongwi ugali, Jasbir. Siku tutakayokosa unga utalilamba?"

"Na machela utakata kwa meno?"

"Tutambeba kwenye tenga. Tunatoboa ubavu mmoja, anakaa, miguu inaning'inia nje. Hiyo ni kazi ya kisu kidogo. Kuni tutaokota. Patiram amesema msitu umejaa matawi makavu."

"Na mtoni?" Bhunti aliuliza.

Hapo walimwita Patiram, naye alikuja akiwa amebebwa mgongoni na binti yake. "Daraja lipo," alisema. "Magogo mawili, mazima kabisa. Nimepita juu yake siku tatu zilizopita, nilitambaa kwa sababu ya miguu, si kwa sababu ya daraja."

Basi neno likaisha. Panga kubwa la marehemu, la kikosini, lenye ala ya mbao na ngozi, Maisari aliliacha. Badala yake Lalbir alimpa khukuri nyembamba, kipanga kilichopinda, ya urefu wa mkono mpaka kiwiko, aliyokuwa amemfulia mwanamke wa bonde la chini wa kukatia mianzi. Maisari akasema mpini ni mnene, na Lalbir akaukata nusu. Akasema ala yake ya nini. Wakaviringisha bapa kwa kitambaa. Wakachukua mundu mmoja na kisu kidogo cha kidole na nusu, ambacho Maisari alikining'iniza shingoni kwa kamba. Lalbir aliinua tupa yake ya kunolea, akaipima mkononi, akairudisha kwenye boriti. "Mawe yapo kila mahali," alisema. Sufuria wakachukua moja.

"Mwanamke anakwenda kumtoa mumewe kwenye theluji kama anayekwenda kukata majani ya mbuzi," Jasbir alisema. Lakini shoka alilisimamisha ukutani.

Walitoka kabla jua halijavuka ukingo wa mlima.

Siku mbili za kwanza Maisari alikuwa na haki, na hata Jasbir aliona. Walikwenda kama watu waliofukuzwa. Walipita mashamba ya viazi, wakapita msitu wa maua mekundu, wakalala kwenye pango ambalo watu wenye mizigo hulala siku ya tatu. Chakula ndicho kilikuwa na shida yake. Jioni ya kwanza Jasbir alikula, akampa Maisari sufuria, naye Maisari alipomaliza hakujua afanye nini. Nyumbani angemwagia mhunzi chakula kwenye jani. Hapo jani lilikuwa halipo, na Lalbir alikuwa ametulia akitazama moto kana kwamba hana njaa.

"Chukua, kaka," alisema, akampa sufuria yenyewe.

"Mama yako mkwe atatuosha wote unajisi kwa mkojo wa ng'ombe," Lalbir alisema, akaanza kukwangua.

Siku ya tatu mchana walisikia mto kabla ya kuuona. Maisari alijua kwa ile sauti. Mto wenye daraja na mto usio na daraja, maji yake ni yale yale, lakini yeye aliapa baadaye kwamba aliusikia ukisema. Waliteremka mbio. Upande wao kulikuwa na mawe makubwa yaliyopangwa, na juu ya mawe hakuna kitu. Magogo yote mawili yalikuwa yamekwenda na maji. Joto la siku tatu lilikuwa limeyeyusha theluji ya juu, na mto ulikuwa wa kijivu, unabingirisha mawe chini yake, unagonga kama watu wanaohamisha vyombo ndani ya nyumba.

"Patiram alisema lipo," Maisari alisema.

"Lilikuwepo," Jasbir alijibu.

Alivua nguo, akajifunga kamba kiunoni, wao wakaishika. Alikwenda hatua nne. Kwenye ya tano maji yalimchukua miguu, akazama, wakamvuta kama ndama anayezaliwa, midomo ya buluu, paja limepasuka kwenye jiwe. Wakangoja asubuhi, maana asubuhi maji hupungua. Asubuhi yalipungua kiasi cha kiganja. Wakaenda juu kutafuta kivuko nusu siku, wakakuta ukuta wa mwamba. Wakarudi.

Ilibaki ni kukata mti.

Misonobari ya pale ilikuwa minene, mirefu, inayozuia jua. Uliokuwa mwembamba kuliko yote na bado ukaweza kufika ng'ambo ulikuwa unene wa mapaja mawili ya mtu. Jasbir aliutazama, akatazama khukuri ya kukatia mianzi iliyofungwa kitambaa, mpini nusu. Alianza kucheka. Kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko tusi.

"Haya, mama wa mizani," alisema. "Kata."

Maisari akakata. Bapa lilikuwa jepesi mno. Lilidunda kwenye mti kama kwenye ngoma, likaacha alama kama ya mdomo wa ndege. Alikata mpaka mpini mfupi ukamtoboa kiganja. Akampa Lalbir. Lalbir akampa Jasbir. Kila mtu alihesabu mapigo mia, akapokelewa. Alasiri khukuri ilikutana na fundo, ikamenyeka kipande kama ukucha. Lalbir alikaa na jiwe la mtoni akiinoa, akilitukana jiwe, akijitukana mwenyewe.

"Tupa ilikuwa na uzito wa yai," alisema. "Yai! Mimi mhunzi, mwana wa mhunzi, nimeacha tupa."

Jua lilipokwenda walikuwa wamefika theluthi ya mti. Maisari hakulala, wala hakufumba macho. Alikuwa akimwona Dhanlal na unga wake. Kibaba kimoja kwa siku, kama amejibana. Dhanlal hakuwa mtu wa kujibana. Alikuwa mtu wa kula akashiba akasema kesho ina Mungu wake.

Asubuhi Lalbir ndiye aliyesema watumie moto. Wakawasha moto kwenye lile jeraha la mti, wakauacha ule, wakakwangua makaa kwa mundu, wakawasha tena. Moshi uliwatoa machozi, na kwa kuwa wote walikuwa wakitoka machozi hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mchana mti ulilia, ukainama, wakavuta kamba kwa nguvu za wote watatu. Mti ukajipinda kwenye shina. Haukuangukia ng'ambo. Uliangukia mtoni kwa mshazari, ukakaa hapo pumzi mbili, tatu, kisha mto ukauinua kichwa, ukauzungusha, ukaondoka nao.

Waliutazama ukienda.

Jasbir aliufuata mfuko wa unga. Aliuinua kwa mikono miwili, akasimama nao ukingoni.

"Vibaba vinne!" alipiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Vibaba vyako vinne hivi hapa! Kula! Mpelekee na kaka yangu ale! Kwa shoka tungekuwa ng'ambo jana asubuhi, unasikia? Jana asubuhi! Umemuua kwa mizani, wewe!"

"Weka chini, bwana mdogo," Lalbir alisema.

"Wewe nyamaza, mhunzi!"

"Nitanyamaza. Weka chini."

Maisari alikuwa amekaa pale pale mti ulipokuwa umesimama. "Mwache autupe," alisema. "Kama utamtoa ng'ambo, autupe."

Hakusema kwa ujasiri. Alisema kwa sababu hakuwa na neno jingine. Alichosema Jasbir alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe tangu jana, kwa maneno mabaya zaidi. Alifikiri juu ya kuingia majini. Hakufikiri kwa muda mrefu. Lilikuwa wazo lililopita karibu naye, likamgusa bega, kama mtu anayepita kwenye njia nyembamba. Jasbir aliuteremsha mfuko. Akaketi, akafunika uso kwa mikono iliyopasuka. Baadaye kidogo akainuka, akaenda kwenye mti wa pili, akaanza kukata.

Wa pili walijua namna yake. Waliuchoma kwanza, wakakata baadaye. Walifunga kamba juu kabisa, Jasbir akapanda kwa mikono na magoti, paja lake limefungwa kwa shuka. Ulianguka kesho yake, saa tatu asubuhi, ukakaa, ukagota kwenye mawe ya ng'ambo kwa kishindo kilichowatikisa tumbo. Maisari alivuka wa kwanza, amepanda gogo kama punda, maji yakimpiga nyayo.

Kutoka hapo hawakusimama. Kibanda walikiona siku ya pili yake, mchana, mahali malisho yanapoanza. Hakikuwa na moshi, wala hakikuwa na mlango. Nusu ya paa ilikuwa imeng'olewa.

Maisari alikimbia, lakini alipofika mlangoni akasimama. Lalbir alimpita, akaingia.

"Yupo," alisema kutoka ndani. Kisha, "Njoo, dada, anakutukana."

Dhanlal alikuwa amelala chini ya ngozi tano sita za kondoo, uso umebaki pua na macho. Kuni zilipokwisha alichoma mlango, akachoma boriti alizoweza kuzifikia kwa fimbo. Unga ulikwisha siku mbili kabla. Nyama ya kondoo mfu aliyokuwa nayo ilikuwa imeganda, hakuwa na moto wa kuiyeyusha, akaitafuna hivyo hivyo.

"Nilisema usije," alimwambia Maisari. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Wanaume walikataa," alisema. "Walikuwa na harusi."

Dhanlal alicheka, au alikohoa. Maisari alifunua ngozi za chini, na ile harufu ikampiga kabla ya macho. Mguu ulikuwa mweusi kutoka vidole mpaka juu ya kifundo. Akaufunika haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Walimsongea ugali mwepesi, wakamlisha kwa vidole, kidogo kidogo. Maisari alitoboa ubavu wa tenga kwa kile kisu cha shingoni, akapanga ngozi ndani yake. Walipomkalisha, yeye Maisari ndiye aliyeinama wa kwanza na kuweka mshipi utosini. Akasimama. Aliogopa wepesi wake. Mume aliyekuwa akivunja kitanda, sasa alikuwa mzigo wa msichana.

Kushuka kulichukua siku saba. Kwenye gogo, Lalbir alimfunga Dhanlal mgongoni mwake kama mtoto, kifua kwa mgongo, akavuka akiwa amekaa, akijisogeza kwa makalio, anaimba nyimbo za matusi ili Dhanlal asitazame chini. Mvua ya barafu iliwakuta siku mbili. Homa ilipompanda, Dhanlal alimwita Jasbir kwa jina la baba yao aliyekufa, akamwambia alete ng'ombe. Jasbir alijibu, "Naleta, naleta," huku akilia na tenga mgongoni. Unga ulikwisha siku ya sita. Uliwafikisha karibu kabisa na mashamba ya viazi, na kama ungekuwa pungufu ya vibaba vinne sijui wangelala wapi. Jambo hilo Maisari hakulifikiria wakati ule, na hata alipoambiwa na watu baadaye halikumwingia. Faida haina sauti kama hasara.

Mganga wa zahanati ya bondeni aliutazama mguu, akatafuta gari saa hiyo hiyo. Huko hospitali ya tambarare waliukata chini kidogo ya goti. Daktari alikuwa kijana, ana haraka, anaandika huku anasema.

"Mngemleta siku mbili tatu mapema, pengine tungeuokoa," alisema, asiinue uso. Kisha akauliza kama mgonjwa amekunywa maji.

Siku mbili tatu. Maisari alisimama pale ukumbini, watu wakimpita, na alihisi kwamba mtu amemwandikia kitu kwenye paji la uso. Alimtazama Jasbir. Jasbir alikuwa amesikia. Alimtazama naye, kisha akamwambia polepole, "Keti, shemeji, utaanguka."

Tangu hapo Jasbir hakutamka tena neno shoka. Angalitamka, ingekuwa afadhali. Walirudi Thalbang, na Maisari akawa hali chakula. Alisonga ugali wa nyumba nzima, akapakua, akakaa, akiweka tonge mdomoni linakataa kushuka. Alikonda mpaka bangili zikamtoka zenyewe. Bhunti, ambaye kweli aliwanyunyizia wote mkojo wa ng'ombe kwa sababu ya ile sufuria, alimlazimisha uji kwa kijiko, akimtukana ukoo wake mzima kwa upendo.

"Unataka nizike na wewe? Nimezika mume, nimezika watoto wanne. Mkono wangu umechoka na majembe. Meza!"

Alimeza. Usoni mwake hakuna kilichobadilika.

Dhanlal alikaa juu ya paa mchana kutwa, kwenye jua, kisiki chake kwenye mto. Alisokota sufi. Kazi ya wachungaji wote, lakini wao huisokota wakitembea. Maisari alimpelekea chakula, akachukua vyombo, akashuka. Waliishi hivyo mpaka mavuno ya mahindi.

Siku moja Maisari alishindwa kuvumilia. Alikuwa anatandaza mahindi juu ya paa, mgongo kwa mumewe. Akasema bila kugeuka, "Jasbir alikuja na shoka. Mimi nilimkataza."

"Najua," Dhanlal alisema.

"Nani kakwambia?"

"Lalbir. Siku ya kwanza, mgongoni. Yule mdomo wake hauna mlango. Alinieleza hata habari ya tupa yake."

Maisari aligeuka. Miezi mitano alikuwa amebeba neno ambalo mwenziwe alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. "Na hukusema kitu?"

"Niseme nini?"

"Daktari alisema siku mbili tatu—"

"Daktari hakuwepo kibandani." Alivuta uzi, akautazama kama una kasoro. "Mguu ulikufa siku ya pili, Maisari. Patiram alikuwa hajafika hata mtoni. Niliuchoma kwa sindano ya kushonea ngozi, sikusikia. Niliingiza sindano nzima. Hata ungekuja na shoka kumi, hata ungekuja na jeshi, mngekuta mguu maiti."

"Kweli?"

"Kweli."

Alisema bila kumwangalia. Maisari alimjua Dhanlal miaka kumi na mitano. Alimjua akidanganya juu ya pombe, juu ya kondoo waliopotea, juu ya kamari ya sikukuu. Kila mara alidanganya hivyo, macho yakiwa kwenye kazi ya mikono. Lakini pia ndivyo alivyosema mambo ya kweli yaliyomuuma. Siku mtoto wao wa kwanza alipofariki, ndivyo alivyomwambia, akiwa ameshika uzi. Hapakuwa na njia ya kujua. Sindano ilikuwepo, hilo aliliona mwenyewe kibandani. Kama iliingia au haikuingia, anajua yeye na mlima.

Alitaka kumshika mabega, amtikise mpaka ukweli udondoke. Badala yake alikaa chini kati ya mahindi, akaanza kulia kwa sauti, jinsi wanavyolia wanawake wa Thalbang kwenye misiba, mdomo wazi, hadi majirani wa paa la pili wakaacha kupura mahindi. Alilia kwa ajili ya mguu, kwa kondoo, kwa zile siku tatu za mtoni, kwa ule mti uliosimama majini pumzi mbili kisha ukaondoka. Dhanlal hakumbembeleza. Alisubiri. Alipoona kilio kinapungua alimwambia, "Mahindi yanaliwa na kunguru, mama."

Jioni hiyo Maisari alikula. Hakumaliza, lakini alikula, na Bhunti akajifanya hakuona.

Sisemi kwamba alipona. Mpaka leo, na sasa ana wajukuu, zipo siku anaamka na ule uzito, anatembea nao mpaka adhuhuri. Lakini mwisho wa mwezi ule ule wa mavuno ndipo Dhanlal aliposema amechoka kuishi kama kunguru, anataka kushuka chini mwenyewe. Ngazi za nyumba za kwao ni gogo moja lililochongwa vidato, na mtu mwenye miguu miwili huteleza. Jasbir alitaka kumshika. Akafukuzwa. Lalbir, aliyekuwa akipita njiani, akasimama na kuanza kutoa ushauri, naye akafukuzwa.

Dhanlal alishuka kinyumenyume, mikono miwili ikikumbatia gogo, mguu mmoja ukitafuta kidato. Maisari alisimama chini, mikono nyuma, maana ndivyo alivyoamriwa. Kidato cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu mguu uliteleza, akaning'inia, akatukana, akaupata tena.

"Uko hapo?" aliuliza, uso kwenye gogo.

"Nipo."

"Usinishike."

"Sikushiki."

Akashusha mguu kutafuta kidato cha nne.